Barua za Marceline: Tuanze na Kodi ya Nyumba, Mapenzi Yatakuja

Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, asanteni. Walionisikiliza zamani wanajua nitakachosema, kwa kuwa nimeshakisema katika kumbi nyingi, na nitakisema tena mpaka kieleweke. Barua za Marceline Desbordes-Valmore, mshairi wa Ufaransa, zimesomwa vibaya kwa zaidi ya miaka mia moja. Zimepekuliwa kama simu ya mtu aliyelala, mpekuzi akitafuta jina moja tu, jina la mwanamume. Akilipata anaridhika, na mengine yote anayaacha.

Maisha yake sitayasimulia upya, yamo katika utangulizi mliogawiwa. Kazaliwa Douai, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1786. Mama yake kafia Guadeloupe, koloni la Ufaransa huko Karibi, binti karudi Ufaransa akiwa bado kijana mdogo, kapanda jukwaani kuigiza na kuimba. Mwaka 1817 kaolewa Brussels na mwigizaji mwenzake, Prosper Valmore. Mwaka 1819 kikatoka kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Kafariki Paris mwaka 1859. Tuendelee.

Jina hilo linalotafutwa ni Henri de Latouche, mwandishi na mhariri. Katika mashairi ya Marceline kuna mpenzi aitwaye Olivier, anayedhaniwa kuwa ndiye Latouche, na mwanzoni mwa karne ya 20 wasomi walishindana nani atamvua Olivier kitambaa cha uso. Makala zikafuata makala. Barua ya mama anayeomba kazi kwa ajili ya mumewe ikawa inasomwa kwa jicho moja, je, humu hakuna dokezo? Haya, nitawapa dokezo lenu, tumalizane nalo, kisha turudi kwenye jambo lenyewe.

Latouche alifariki mwaka 1851. Mhakiki Sainte-Beuve, aliyetaka kuandika habari zake, akamwandikia Marceline kumuuliza huyu bwana alikuwa mtu wa namna gani. Na Marceline akajibu. Fikirini mwanamke wa miaka sitini na ushei, ameolewa, binti yake Inès ameingia kaburini kabla yake na mwingine, Ondine, anaugua, anaulizwa na mtu wa magazeti habari za mwanamume yule. Akaandika kwamba hakuweza kumfafanua, hakuweza kukitegua kile kitendawili cheusi na king'aavyo, na kwamba alichopata kwake ni kupofushwa na mng'ao wake pamoja na hofu. Basi. Hakusema uongo na hakusema siri. Alimtendea haki marehemu, akajihifadhi na mwenyewe, katika sentensi chache. Anayesoma barua ile akatoka na jina tu amepitwa na ufundi wote wa mwandishi. Mimi ninayemwona pale ni mtu aliyeandika barua maisha yake yote, akajua kila neno litafika wapi na litasomwa na nani.

Na sasa kodi ya nyumba, yaani pesa: nani alilipa nini, na zilitoka wapi.

Wanangu wanafunzi, naomba mshike jambo hili la posta, kwa sababu bila hili hamtaelewa hata ukurasa mmoja. Ufaransa ya ujana wa Marceline haikuwa na stempu. Barua ilikuwa karatasi iliyokunjwa na kufungwa kwa lakiri, na kwa kawaida aliyeilipia ni mpokeaji. Tarishi anabisha hodi, anataja bei, unalipa ndipo unapewa. Bei ilipanda kwa umbali na kwa uzito. Utaratibu wa stempu ulianza tarehe 1 Januari 1849, senti 20 kwa barua nyepesi kwenda popote nchini, na wakati huo Marceline ana miaka 62. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kila alipomwandikia mtu maskini alikuwa anamtoza. Ukimwandikia dada yako Rouen ambaye hana kitu, unamgharimu mkate. Ukimwandikia mumeo aliye mji mwingine akitafuta kazi, unaigharimu nyumba yako mwenyewe. Ndiyo maana watu wa wakati ule walijaza karatasi mpaka pembeni, wakaandika kwa herufi ndogo, wakangoja msafiri anayekwenda upande ule ili wampe barua mkononi. Mtu anapowaambia kwamba Marceline aliandika kwa kububujikwa tu, kwamba kalamu ilikimbia na machozi yakaifuata, mwulizeni nani alikuwa analipa.

Familia yenyewe ilikula wapi? Marceline aliacha jukwaa mwaka 1823. Prosper aliendelea, na kazi ya mwigizaji wa miji ya mikoani ilikuwa hivi: mkataba ni wa msimu, na mwigizaji mpya alipaswa kwanza kujitokeza mbele ya watazamaji wa mji ule, wao ndio wampokee au wamkatae. Wakimpigia miluzi, hana kazi, na familia ifungashe tena. Prosper alikuwa mtu mwema, msomaji, mwenye shingo ngumu kidogo, na hakuwa mwigizaji mkubwa. Nalisema kwa heshima yake. Lyon, Bordeaux, Lyon tena, Rouen, Paris, Brussels, watoto mgongoni. Mwaka 1838 wakafuata kundi la maigizo mpaka Milano, kulikokuwa na sherehe za kumtawaza Ferdinand wa Austria, na mpango ule ukavunjika wakiwa kule ugenini, wazazi na mabinti wawili, hawana nauli ya maana. Huyu mama ndiye aliyeshika kalamu. Nani anajua mkurugenzi wa tamthilia? Nani anajua waziri? Nani atampa Prosper hata meza ndogo ofisini? Miaka na miaka aliandika hivyo, mpaka Prosper akapata kazi ya kuorodhesha vitabu katika maktaba ya taifa, na hapo jukwaa lilikuwa limeshamchoka zamani.

Nasikia mtu anasema moyoni, mwalimu, hizo ni barua za kuomba. Ndiyo. Na nawaomba msiziangalie kwa dharau, maana kuna adabu ndani yake ambayo hata mabalozi wangejifunza. Chukueni kisa cha mwaka 1825. Mathieu de Montmorency, mwanasiasa na mtu wa ukoo mkubwa, alichaguliwa kuingia Akademia ya Ufaransa, lile baraza la waandishi na wasomi. Hakuihitaji posho ya kiti kile, akataka imwendee mwandishi asiye na uwezo. Bibi Récamier, ambaye sebule yake, walikokusanyika wanasiasa na waandishi, ilikuwa na nguvu kuliko wizara fulani, akamtaja Marceline. Wakati huo Marceline yuko Bordeaux, mshahara wa mume haueleweki, watoto wadogo, ndugu wengi wanamtegemea. Akakataa! Kwa upole na kwa shukrani tele alikataa kupokea pesa kutoka mfukoni mwa mtu binafsi. Baadaye pensheni ya serikali ilipopatikana, aliipokea, kwa kuwa njaa haikuondoka. Mtu aliyeweza kuandika barua ile ya kukataa alijua hasa nini anachoomba anapoomba. Na katika barua zake za kuomba, tafuteni ni ngapi anajiombea mwenyewe. Anamwombea Prosper. Anamwombea kaka yake Félix, askari wa zamani wa Napoleon aliyetekwa na Waingereza akaishia katika nyumba ya wasiojiweza pale Douai. Kwake anatuma pesa kidogo kidogo, na pamoja na pesa anatuma habari za nyumbani na maswali kuhusu mitaa ya utoto wao, ili yule mzee asijione anapewa sadaka. Anawaombea wafungwa, hata kwa waziri wa sheria Martin du Nord, na hapo aliutumia vizuri ule udugu wa kuzaliwa mji mmoja.

Ushairi uko wapi, mtaniuliza. Swali hili hunikera, lakini nitalijibu kwa sababu ni la haki. Uko humo humo. Fungueni kitabu kilichotoka Geneva mwaka 1860, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Shairi la kwanza linaitwa barua ya mwanamke, nalo linaanza hivi: wanawake, najua, hawapaswi kuandika, hata hivyo naandika, ili ukiwa mbali uweze kusoma moyoni mwangu, kama siku ulipoondoka. Mnaona? Katika mistari ya kwanza tu ameweka sheria ya jamii, ameivunja, na sababu aliyoitoa ni sababu ya mtu wa posta, yule yuko mbali. Kisha kuna lile lingine la waliotengana, ambalo linarudia kila ubeti amri moja, usiandike. Usiandike, nina huzuni, natamani nizimike. Ndani yake anasema mwandiko wa mpendwa ni picha iliyo hai. Maneno hayo hayawezi kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kumsubiri tarishi mlangoni huku akihesabu sarafu. Halafu tunaambiwa mashairi ni sanaa, barua ni takataka za jikoni. Siwezi kukubali.

Kwa rafiki yake Pauline Duchambge, mtunzi wa muziki aliyetia sauti nyimbo zake nyingi, aliandika: tutalia daima, tutasamehe, na tutatetemeka daima, tumezaliwa mipopla. Mpopla ni ule mti wa Ulaya ambao majani yake hutikisika hata kwa upepo usioonekana. Sentensi hii imenukuliwa kila mahali kuthibitisha kwamba Marceline alikuwa mwanamke wa machozi. Lakini aliyeandikiwa ni nani? Ni mwanamke mwenzake, fundi mwenzake, maskini kama yeye, aliyekuwa akizeeka peke yake huku nyimbo zake zikiacha kuimbwa. Neno lenye uzito pale ni tumezaliwa, kwa wingi. Anamkalisha Pauline karibu naye. Ukiikata sentensi ukaibandika chini ya picha ya mtu mmoja analia, umemwondoa Pauline, na barua haipo tena.

Wapo wanaosema hizi zilikuwa siri, tuna haki gani ya kuzisoma? Ningewaelewa kama wangeuliza swali hilo kabla ya kumtafuta Olivier. Zilitufikiaje? Mwanawe Hippolyte, mtoto pekee aliyebaki, ndiye aliyezilinda na ndiye aliyemfungulia Sainte-Beuve mlango. Makala za Sainte-Beuve zikatoka 1869, mwaka uleule aliofariki, na kitabu mwaka 1870. Mwaka 1896 Benjamin Rivière, mkutubi wa Douai, akachapisha juzuu mbili. Mwaka 1924 zikaja juzuu mbili nyingine, barua kwa Prosper. Kila mmoja alichagua. Sainte-Beuve alitaka mtakatifu wa huruma, akampata. Waliofuata walitaka mwanamke mwenye siri, nao wakampata. Maktaba ya Douai ina makaratasi ya familia mpaka leo, na humo kuna wenye nyumba, wachapishaji, madaktari, washonaji. Hao hawajapata mtu wa kuwashindania.

Lyon, na nitakwenda haraka maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Novemba 1831 wafumaji wa hariri waliinuka. Walikuwa wamekubaliana bei ya kazi, wafanyabiashara wakaikataa, wafumaji wakashuka kutoka mlima wa Croix-Rousse na bendera nyeusi: kuishi kwa kufanya kazi au kufa kwa kupigana. Marceline alikuwa mjini humo na familia yake. Aprili 1834 ikatokea tena, na safari hii jeshi liliua mitaani. Alikuwa hapo pia. Aliandika shairi juu ya siku hiyo ya mazishi pale Lyon, kali, bila kumumunya maneno, na halikupata mchapishaji wakati ule. Barua zake za miaka hiyo zinawaonea uchungu wafumaji bila kuwaonea aibu. Huyu ndiye mnayemwita mshairi wa chumbani? Mtu aliyeandikiana hata na Raspail, mwanajamhuri aliyefungwa kwa siasa zake?

Nilikusudia kusema kuhusu mabinti. Ondine, aliyepelekwa London mwaka 1841 kwa matibabu na ambaye barua za mama zilimfuata huko. Inès aliyefariki 1846. Ondine mwenyewe 1853, kifua kikuu. Itabidi tukutane siku nyingine. Vilevile Guadeloupe, ambako Marceline alikuwepo miaka ileile Ufaransa iliporudisha utumwa, na hadithi yake ya Sarah ya mwaka 1821 iliyozaliwa na visiwa vile, hiyo inataka mhadhara wake yenyewe. Na mshairi Verlaine, aliyemweka katika kitabu chake cha washairi waliolaaniwa, mwanamke peke yake humo, na kumsifu kwa mizani ya silabi 11, mtamsoma wenyewe.

Kwa wanaotaka kuanza: msianze na barua kwa Prosper, ingawa ndizo nyingi na ndizo maarufu. Anzeni na zile kwa Félix. Ni fupi, hazina Latouche, na mtajifunza bei ya vitu. Kisha Pauline. Prosper awe wa tatu. Kila barua andikeni pembeni ilitoka mji gani, ilikwenda mji gani, na nani aliilipia. Mkifika mwisho bila kumkumbuka Olivier, njooni ofisini kwangu tuzungumze. Maswali sasa, na naomba yawe ya barua.