Shukeni Korongoni Kabla ya Kupanda Ngomeni

Asante mwenyekiti, na asanteni ndugu zangu mliokuja jioni hii. Wengi wenu mnaishi Toulouse, Montpellier na Lyon, na kila ikifika Julai mnatafuta pa kuwapeleka watoto. Waliokwisha kunisikia wanajua nitakalosema, na nitalisema tena kwa sababu bado halifuatwi. Ukienda kuona magofu ya zama za kati kusini mwa Ufaransa, usianze na ngome. Anza na mto. Shuka korongoni, tembea juu ya kokoto, inua macho utazame juu, ndipo upande.

Watu wanafanya kinyume. Gari linaegeshwa karibu na kilele iwezekanavyo, familia inapanda, inapiga picha ukutani, inachungulia bondeni kidogo, inarudi garini. Hapo mmeona mawe tu, ngome hamjaiona. Aliyeijenga alichagua mahali pale kwa sababu ya mto ulio chini yake, na mara nyingine aliyeiteka aliiteka kwa sababu ya mto huohuo.

Nichukue Minerve. Najua, Minerve tena. Naomba mnivumilie, maana sijapata mahali panapolieleza jambo hili vizuri zaidi.

Minerve ni kijiji kidogo mkoani Hérault, kaskazini-magharibi ya Narbonne, katikati ya mashamba ya mizabibu. Kimekaa juu ya mwamba wa chokaa, pale mto Brian unapoingia katika mto Cesse. Karibu pande zote ni magenge yaliyosimama wima. Sehemu moja tu, nyembamba, inakiunganisha na uwanda wa juu, na hapo ndipo walipojenga kasri la kuziba njia. Ukisimama kijijini ukatazama chini utajiambia kwamba hakuna jeshi ambalo lingeweza kupanda hapa. Na kweli, hakuna lililopanda.

Habari za Wakathari, Wakristo ambao Kanisa liliwaita wazushi, na vita alivyovitangaza Papa dhidi yao mnazijua, sitazirudia. Watu wa mji wa Béziers walichinjwa Julai 1209. Kiangazi cha mwaka uliofuata Simon de Montfort, kiongozi wa jeshi la vita hivyo, akaja Minerve, ambako Wakathari wengi walikuwa wamekimbilia, chini ya hifadhi ya bwana wa kasri, Guilhem. Montfort hakupoteza watu kwenye magenge. Alikizingira kijiji kutoka ng'ambo ya makorongo na kusimamisha mitambo ya kurushia mawe. Mkubwa kuliko yote uliitwa Malvoisine.

Sasa nauliza kila mara: Malvoisine ulilenga nini? Wanaotembelea juu tu hujibu, kasri. Wengine husema, kanisa, au nyumba. Aliyeshuka chini hajibu hivyo.

Teremkeni kwa lango dogo la chini mpaka sakafu ya korongo. Mkienda wakati wa kiangazi mtakuta Cesse haina hata tone. Ni kokoto nyeupe zilizopigwa jua tangu asubuhi, joto linapenya kwenye soli za viatu. Maji yapo, lakini yamezama. Mwamba wa chokaa una nyufa na mapango, mto unamezwa na kupita chini ya ardhi, na mvua kubwa zikirudi ndipo unapoonekana tena. Huo ndio mto uliotoboa madaraja mawili ya asili pale pale chini ya kijiji, moja likiwa na urefu wa zaidi ya mita 200. Mnaweza kupita ndani yake kwa miguu, watoto wakipiga kelele kusikia mwangwi. Kwa hiyo kijiji kimezungukwa na mito miwili, na mwezi wa Julai hakina maji.

Wakazi walitegemea kisima. Kisima cha Saint-Rustique kilikuwa chini, kwenye mguu wa genge, nje ya kuta, na walikifikia kwa njia iliyofunikwa ili wasipigwe mishale. Malvoisine uliwekwa ng'ambo, mkabala na njia hiyo. Ukaipiga mpaka ikabomoka. Kasri lingeweza kusubiri.

Walijaribu kujiokoa. Mtawa Pierre des Vaux-de-Cernay, aliyeandika habari za vita hivi akiwa upande wa washambuliaji, anasimulia kwamba usiku mmoja watu wa Minerve walitoka kimyakimya wakatundika nyuma ya mtambo vikapu vilivyojaa makumbi makavu, kuni na mafuta, wakavitia moto. Mmoja wa wahudumu wa mtambo alikuwa ametoka kwenda haja. Akauona moto, akapiga kelele, mtambo ukaokolewa. Ukiisoma habari hii nyumbani ni mistari michache. Nendeni mkasimame pale chini mkakadirie njia yenyewe: kuteremka genge gizani na vikapu mgongoni, kuvuka kokoto zinazolia kila unapokanyaga, kupanda ukingo wa pili wenye walinzi. Mimi sijui namna nyingine ya kuuelewa ujasiri wa watu wale isipokuwa kusimama mahali hapo.

Kijiji kilijaa wakimbizi, jua lilikuwa kali, kisima hakifikiki. Guilhem akasalimu amri mwezi Julai 1210. Arnaud Amaury, mwakilishi wa Papa, akakubali kwamba atakayeikana imani yake ataishi, na mmoja wa makabaila wa Montfort alipolalamika kuwa wazushi wataponyoka kirahisi, akamtuliza kwamba watakaokana ni wachache mno. Alikuwa sahihi. Wanawake watatu walishawishiwa wakaokolewa. Waliobaki, wapatao 140, walichomwa moto. Leo karibu na kanisa kuna jiwe la ukumbusho lililotobolewa katikati umbo la njiwa. Simameni hapo kidogo, na watoto waelezwe, msiwafiche.

Kuna malalamiko yananichosha. "Mwalimu, tumekwenda Minerve, mbona magofu yenyewe ni nguzo moja tu?" Ni kweli, kasri lote limebaki kipande kimoja chembamba cha mnara, wenyeji wanakiita La Candela. Kama ulikwenda kuhesabu kuta, umepunjwa. Lakini korongo lipo zima, magenge yapo, mahali pa kisima papo. Uwanja wote wa vita umebaki, nawe unalalamikia mnara!

Mwingine ataniambia ana magoti mabovu, au amemleta mama yake mzee. Sawa. Msishuke. Vukeni ng'ambo, upande uliosimamishwa Malvoisine, mkitazame kijiji kama alivyokitazama mrusha mawe. Hilo nalo linatosha kuonyesha kila kitu. Ninachokataa ni kule kukaa juu tu.

Na wako wanaosema makorongo ni ya kayaki na kuogelea, historia iachiwe makasri. Hawa nawapeleka mto Tarn. Kabla ya barabara kuchongwa bondeni mwanzoni mwa karne ya 20, mashua ndiyo iliyowapitisha watu katika sehemu nyembamba za korongo lile, lenye kina cha mita 400 hadi 600, na waendesha mashua wa La Malène mpaka leo wanawabeba wageni. Pale Castelbouc, juu kidogo ya Sainte-Enimie, gofu la kasri limekaa kwenye mwamba na nyumba zimebanana chini yake, zimeelekea mtoni. Ukipita na kayaki unaiona ngome kutoka mahali ilipokusudiwa kuonwa. Kwa hiyo ogeleeni, pigeni kasia, hakuna ugomvi. Ila inueni macho.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumza sana juu ya ngome ya Peyrepertuse, sasa nitakimbia. Vibao vya barabarani vitawaambia ni kasri la Kikathari. Kuta nyingi mnazoziona pale ni za wafalme wa Ufaransa, waliozijenga baada ya Wakathari kushindwa, kulinda mpaka na ufalme wa Aragon uliowekwa kwa mkataba wa Corbeil mwaka 1258. Mpaka huo ulidumu hadi 1659, ukasogezwa kusini, na ngome ikakosa kazi. Kabla ya kupanda piteni kwanza korongo la Galamus, mwone jinsi mto Agly ulivyoupasua mwamba na jinsi safu ile ya milima ilivyo ukuta yenyewe. Ngazi ya Mtakatifu Louis imechongwa katika jabali na upepo wa huko ni mkali, washikeni watoto mikono.

Ngome ya Najac pia nilikuwa nayo. Nendeni kwa treni: stesheni iko chini kabisa kando ya mto Aveyron, kwa hiyo mtaanza pale ninapotaka muanze. Ngome aliijenga upya Alphonse de Poitiers, ndugu wa mfalme, kuanzia 1253, na matundu yake ya kurushia mishale yana urefu wa karibu mita 7. Kanisa la kijijini lilijengwa na wakazi wenyewe kwa gharama yao, adhabu waliyopewa kwa uzushi. Mengine someni.

La mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Mito hii mikavu hujaa kwa saa chache. Oktoba 2018 mvua ya usiku mmoja iliua watu mkoani Aude, Trèbes ikiwa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi. Kuanzia Septemba msishuke korongoni bila kufungua tovuti ya hali ya hewa, Météo-France, na ile ya mafuriko ya mito, Vigicrues, asubuhi ya siku hiyohiyo. Rangi ya tahadhari ikiwa ya chungwa au nyekundu, bakini nyumbani, hata kama mbingu juu yenu ni safi, maana mvua inaweza kuwa inanyesha milimani. Kiangazi nako ulizeni kwanza kama njia zimefungwa kwa hatari ya moto wa misitu, na kila mtu abebe maji yake. Karibuni kwa maswali.