Usiku wa Karatasi Kuruka: Bunge la Georgia Linavyofungwa

Jamani ndugu zangu, habari za huko nyumbani! Leo tuiache Washington. Nataka niwapeleke kwenye bunge la jimbo, hapa Atlanta, Georgia, kwenye lile jengo lenye kuba la dhahabu. Na ni dhahabu kweli, imetoka Dahlonega, kaskazini mwa jimbo hili hili.

Bunge hili lina wawakilishi 180 na maseneta 56, na katiba inawapa siku 40 tu za vikao kwa mwaka. Siku hizo si mfululizo. Wanaanza Januari, wanaruka ruka, mpaka mwisho wa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Siku ya 40 wanaiita Sine Die, maneno ya Kilatini, yaani kuahirisha bila kutaja siku ya kurudi, na kwangu hiyo ndiyo siku ya kuwaangalia wabunge kwa makini.

Ghorofa ya tatu, nje ya milango ya ukumbi, kuna kamba. Nyuma ya kamba wamebanana watu wanaolipwa na makampuni na vyama kuwashawishi wabunge. Mmoja anaandika kikaratasi, anampa mhudumu wa mlangoni, kinapelekwa ndani. Mbunge anatoka, wananong'ona kidogo, anarudi kupiga kura. Basi ni hivyo hivyo mpaka usiku.

Saa sita ya usiku ndiyo mwisho. Mwaka 1964, katika vuta nikuvute ya kugawa majimbo ya uchaguzi, mbunge Denmark Groover alining'inia kutoka roshani ya wageni ili aisimamishe saa ya ukutani muda usiishe. Saa ikaanguka chini, ikavunjika. Picha yake ipo, itafuteni!

Nyundo ya Spika ikigongwa, karatasi zinaruka. Ajenda, miswada, marekebisho, wamezichana vipande vipande, wanazirusha juu zinawashukia vichwani kama maua harusini. Watu wanapiga kelele, wanakumbatiana, hata waliotoka kugombana. Sisi tumezoea Dodoma: Waziri Mkuu anatoa hotuba ya kuahirisha, Spika anafunga, Mpambe wa Bunge anatangulia na siwa. Kwetu kuna heshima ya utulivu, na naipenda. Lakini furaha hii ya Georgia nayo ninaielewa, watu wamechoka.

Kinachoniuma ni miswada iliyobaki mezani. Bunge hili linakwenda kwa miaka miwili. Muswada ukikwama mwaka wa kwanza, unasubiri wa pili. Ukikwama wa pili, umekufa, unaanza upya kabisa. Na ile iliyopita dakika za mwisho, mingine imebandikwa marekebisho ambayo wabunge hawajapata hata muda wa kuyasoma vizuri. Hilo silipendi, na nalisema wazi. Baada ya hapo gavana ana siku 40 za kusaini au kukataa. Akinyamaza, inakuwa sheria.

Sasa Wakongo wangu, Warundi wangu wa Clarkston, mji jirani na Atlanta, na Watanzania na Wakenya wote wa Atlanta: leseni ya udereva, pesa za shule ya mtoto, haki za mpangaji, vyote vinaamuliwa humu. Roshani ya wageni iko ghorofa ya nne, iko wazi kwa kila mtu, na vikao vinarushwa mtandaoni bure. Niandikieni hapo chini ni jambo gani linawagusa zaidi, Januari tuanze kulifuatilia pamoja tangu siku ya kwanza.