Daftari la Bibi na Hati za Wamorisko

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaoanza mwaka wa kwanza wa Kihispania, hamjambo.

Nimeombwa nieleze jinsi masomo ya fasihi ya Kihispania yalivyonikuza. Ajira na safari zina nafasi yake, lakini leo nawaomba tukae na kurasa chache tu, kwa sababu hizo ndizo zilizonigeuza.

Nilipoingia chuo kikuu niliamini kwamba elimu yangu ilianzia shuleni. Miaka niliyokaa mkekani mbele ya mwalimu wa Kurani, nikitamka alifu na be, niliihesabu kuwa ni malezi, si kitu cha kuingia nacho darasani. Hata daftari ambamo bibi yangu aliandika madeni ya maziwa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, nililiona ni mambo ya kizee.

Mwaka wa pili mwalimu wetu alituwekea mezani nakala ya hati ya Wamorisko. Hao walikuwa Waislamu wa Hispania waliolazimishwa kubatizwa katika karne ya 16, pamoja na vizazi vyao. Wengi wao huko Kastilia na Aragon walikuwa wamekwisha kupoteza Kiarabu. Lugha yao ilikuwa Kihispania, nao wakakiandika kwa herufi za Kiarabu, maandishi ambayo huitwa aljamiado. Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, rundo kubwa la hati hizo lilikutwa ndani ya nyumba ya zamani, mahali lilipokuwa limefichwa tangu enzi za hofu.

Wenzangu hawakuweza hata kuanza. Mimi niliona be yenye shadda, alama ya kukaza herufi, na fataha, alama ya sauti a, kisha nuni, nikasoma “bban”, nikakwama. Mwalimu akaeleza kwamba Kiarabu hakina herufi ya p, kwa hiyo waandishi wale waliitia be shadda ili msomaji ajue. Neno lilikuwa pan, yaani mkate. Nikamkumbuka bibi, ambaye “pesa” aliiandika kwa be tupu na kumwachia msomaji atambue mwenyewe. Watu waliotenganishwa na karne nne na bahari nzima walikuwa wamehangaika na herufi ile ile, na ufunguo wa kuwasoma wote wawili nilipewa mkekani, nikiwa na miaka sita.

Tangu siku hiyo nikawa nasoma kwa jicho jingine, na maneno yenyewe, la Kihispania kwa la Kiswahili, yakaanza kuniitikia: hasta na hata, fulano na fulani, rehén na rehani, kila jozi ikiwa na shina moja la Kiarabu. Nilirudi pia kwa Cervantes, mwandishi wa riwaya ya Don Quijote, aliyeishi mateka mjini Algiers tangu 1575 hadi 1580. Mwishoni mwa sura ya 8 ya sehemu ya kwanza ya riwaya hiyo, iliyochapishwa mwaka 1605, hadithi inakatika katikati ya pigano, panga zikiwa juu. Katika sura ya 9 msimulizi anakuta madaftari ya Kiarabu yakiuzwa sokoni Toledo, anayanunua, kisha anamlipa Mmorisko zabibu na ngano ili ayafasiri, kazi inayochukua mwezi mmoja na nusu hivi. Zamani niliipita sura hiyo kama mchezo wa mwandishi. Sasa sikuweza kuipita, kwa sababu hadithi kuu ya Hispania inajitambulisha kwetu kuwa imepita katika mikono ya mtu ambaye hata jina hatajwi, na miaka minne baada ya kuchapishwa kwake, watu wa jamii yake walianza kufukuzwa nchini.

Katika sehemu ya pili, ya mwaka 1615, anatokea Ricote, Mmorisko aliyefukuzwa, ambaye amerudi kwa siri katika mavazi ya hujaji. Sancho, mtumishi wa Don Quijote na jirani wa zamani wa Ricote, anamtambua, anakumbatiana naye, wanakula pamoja chini ya miti. Ricote anamwomba amsaidie kuchimbua hazina aliyoificha. Sancho anakataa, asije akamsaliti mfalme, lakini anaahidi kwamba hatamfichua. Kwangu mimi ukurasa huu una uzito kuliko vinu vyote vya upepo ambavyo Don Quijote alivishambulia, na nimeufundisha kila mwaka tangu nianze kazi hii. Ulinifunza kutomhukumu mtu haraka kwa sababu tu ametii, wala kwa sababu tu amekaidi.

Likizo ya mwaka ule wa pili nilikwenda nyumbani nikamwomba bibi anionyeshe daftari lake. Tulikaa barazani, nikasoma kwa sauti, naye akinisahihisha: jina, siku, vikombe vya maziwa. Katika ukurasa mmoja, mahali pa jina, palikuwa na neno “fulani” tu. Nikadhani alisahau. Akasema hakusahau, mama yule alikuwa na shida na mwenye haya, na daftari husomwa na wengi, kwa hiyo alimsitiri. Nilimwuliza ni nani. Alifunua ukurasa uliofuata, akaniambia niendelee kusoma.