Mama wa Makamo na Swali la Mlangoni
Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini kwa wapenzi wa tamthilia

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Nimeombwa kuzungumzia tamthilia za upelelezi ambazo mpelelezi wake ni mwanamke wa makamo. Niseme mapema: ukizitazama ukingoja watu wakimbizane na bastola, usingizi utakuchukua. Utamu wake uko kwenye mahojiano. Watu wawili wamekaa, chai inapoa, mmoja anaficha na mwenzake anajua kwamba anafichwa.

Mpelelezi wa umri huo ana silaha mbili. Kwanza, watu humdharau. Vera Stanhope wa tamthilia ya Vera, iliyorushwa Uingereza kuanzia 2011 hadi 2025, amejengwa hivyo tangu mavazi: koti lililochakaa na kofia ya kitambaa. Mhalifu akimwona analegea, na akilegea anaongea. Pili, mama huyu anajua nyumba inavyoendeshwa. Akiona sahani mbili zimeoshwa na moja bado, atauliza nani alichelewa kula.

Jane Tennison wa Prime Suspect, iliyoanza 1991, anadharauliwa na askari wenzake. Mkuu wa kesi anafariki ghafla kwa moyo, yeye anaomba kesi hiyo, anapewa, na kikosi kinamsusa. Kwa hiyo unatazama pelelezi mbili kwa pamoja: ya mauaji, na ya nani ndani ya ofisi anamkwamisha. Binafsi naiona hii ndiyo iliyowafungulia njia wengi waliofuata.

Kusini tuna faida yetu katika kutazama. Wamakonde, Wamwera na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtazamaji aliyekulia huku huwahi kuuliza: mtoto huyu ni wa dada yupi, na mjomba wake yuko wapi? Ulizeni hivyo hivyo mbele ya runinga. Siri ya hadithi hizi mara nyingi ni ya uzazi.

Sasa tuone kidokezo kinavyofichwa. Nimebuni mfano, tuuweke Mikindani. Mtu kauawa, na jirani anatoa maelezo: “Nilirudi kutoka sokoni saa kumi na moja, nikaanua nguo, nikabandika ubwabwa, nikasikia ukelele nikatoka mbio.” Hapo anaangua kilio na kamera inamsogelea usoni. Wote tunatazama machozi. Lakini dakika kumi kabla tulionyeshwa mvua ikipiga mabati tangu saa nane mchana. Kama alikuwa sokoni, nguo zilinyeshewa, na hakuna anayeanua nguo zinazochuruzika maji akaziingiza ndani. Kama alizianua kabla ya mvua, basi saa nane alikuwa nyumbani. Mpelelezi hamuulizi lolote juu ya ukelele. Anaomba maji ya kunywa, anaitazama kamba, anaaga, na akiwa mlangoni ndipo anageuka: “Mama, zile nguo zilikauka?”

Shikeni ufundi huo. Kidokezo huwekwa katikati ya orodha ya mambo ya kawaida, na papo hapo hufuatwa na kitu cha kuchoma moyo ili usikirudie akilini. Kwa hiyo shahidi akianza kulia, rudini kwenye sentensi iliyotangulia kilio.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni sheria. Kule England, kwa sheria ya mwaka 1984, polisi humshikilia mtuhumiwa saa 24 bila kumfungulia mashtaka; kwa kosa zito mrakibu anaweza kufikisha 36, na mahakama hadi 96. Ndiyo maana kila mtu anaangalia saa ukutani. Kwetu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa 4 za msingi za kuhoji aliye chini ya ulinzi, zikiongezwa kwa muda usiozidi saa 8. Tena kule, tangu sheria ya mwaka 1994, onyo linamweleza mtuhumiwa kwamba akinyamaza sasa na kuja kujitetea kwa jambo hilo mahakamani, ukimya wake unaweza kumdhuru. Akijibu “sina la kusema” mara tisa kisha akajibu swali la kumi, mwandishi amekuonyesha pale panapouma.

Nakala zenye sauti ya msimulizi, zile za vibanda umiza, zinafaa sana kwa filamu za mapigano. Kwa hizi zinaharibu, kwa sababu msimulizi hujaza kimya, na kimya cha shahidi ni sehemu ya jibu lake. Chukueni sauti ya asili na muwashe maandishi ya chini, kwani lafudhi za kaskazini mwa England ni ngumu hata kwa anayejua Kiingereza vizuri. Msimruhusu mtu kushika simu wakati wa mahojiano. Akikosa nusu dakika, atasumbua ukumbi mzima kwa maswali.

Kwa anayeanza, Vera inafaa: kipindi kimoja, takriban dakika 90, kesi imefunguliwa na kufungwa. Happy Valley haitaki kurukwa. Ina vipindi 18 katika misimu mitatu, ya 2014, 2016 na 2023, na mhusika wake mkuu, Catherine Cawood, ni sajenti wa sare, wala si mpelelezi wa kitengo. Aliyecheza mjukuu wake ni yule yule tangu mwanzo, kwa hiyo msimu wa tatu mnamwona amekua kweli, na swali la baba yake linabadilika uzito. Inagusa ubakaji na kujiua tangu kipindi cha kwanza. Watoto wakalale kwanza, na kama nyumbani kuna mwenye jeraha la namna hiyo, mwambieni kabla hamjawasha.