Anzeni na Lundo la Mboji

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimekwisha kulisema katika mikutano mingi, na nitaendelea kulisema: anayekwenda kutembelea shamba la kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani, asianze na mboga, aanze na lundo la mboji. Wageni wengi hufika, wakapiga picha kando ya tuta la mchicha, wakanunua mafungu mawili baada ya kubembelezwa, kisha wakarudi mjini wakinung'unikia bei. Hao shamba hawajaliona.

Mwezi uliopita nilipanda miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, hadi kwa mama mmoja ambaye shamba lake halifiki nusu ekari. Kabla hatujaketi alituongoza nyuma ya nyumba, akachomoa fimbo iliyochomekwa katikati ya lundo, akanipa. "Shika huku chini, mwanangu." Nilishika nikaiachia upesi, kwani ilikuwa ya moto kama mwiko uliotoka kwenye ugali. Fimbo hiyo ndiyo kipimo chake: ikitoka kavu, hulimwagia lundo maji, ikitoka baridi kabla ya wakati, hulipindua ili hewa iingie. Ndani mlikuwa na mabua ya mahindi, majani mabichi, samadi ya mbuzi, udongo na majivu kidogo, tabaka juu ya tabaka, na joto lake, ambalo hupita nyuzi 50, ndilo linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Kazi hiyo huchukua kama miezi 3, ilhali mchicha wenyewe huvunwa baada ya wiki 3 au 4. Basi mnunuzi anayeteta bei ya fungu kwa hoja kwamba mchicha huota haraka amehesabu wiki za jani, akaisahau miezi ya udongo.

Najua yupo atakayeuliza kwa nini mama huyo asinunue mbolea ya chumvichumvi akapumzika. Mbolea hiyo hulisha mmea, lakini haiurudishii udongo ile mboji inayoushikamanisha na kutunza maji. Na kwenye mteremko mkali kama ule, udongo usioshikamana huporomoka na mvua za masika, ukaingia katika vijito vinavyoulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Mwingine atasema kwamba wakulima hawataki taabu ya matuta ya ngazi ya kuzuia udongo usiporomoke, kwa kuwa mwaka 1955 Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, waliyapinga waziwazi. Walichokataa ni kulazimishwa na serikali ya kikoloni! Mama huyu amejichimbia makinga maji na kupanda matete kingoni bila kusimamiwa na yeyote.

Nilitaka kuzungumzia mnavu na mgagani, lakini muda umekwisha. Kuhusu alama ya Kilimohai, inayothibitisha kwamba zao ni la kilimo hai na inayotumika Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, niseme tu kwamba inamfaa zaidi mnunuzi aliye mbali na shamba. Aliye karibu aende mwenyewe, amuulize mkulima mara ya mwisho alinyunyiza nini, na lini. Mimi niliuliza, na mama akanifunulia ndoo ya dawa yake ya wadudu: majani ya mwarobaini aliyoyaponda na kuyaloweka tangu jana yake. Nikanunua mafungu manne kwa bei aliyoitaja, na jioni hiyo tukayaunga kwa nazi.