Protini Ipo, Lakini Ipo Upande Gani wa Mlango?

Ahsanteni. Kabla sijasema lolote, tazameni picha hii. Ni seli za binadamu zilizooteshwa maabara, zikanyimwa virutubisho usiku kucha. Kijani kile kilichojaa kwenye kiini ni protini iitwayo FOXO, imevishwa taa ili tuione inakokwenda. Picha ya pili ni seli zilezile, zimedondoshewa insulini, ikapita kama nusu saa. Mnaona? Kiini kimekuwa giza, kijani kimehamia nje yake. Protini haijavunjwa. Imehamishwa.

FOXO kazi yake ni kushika DNA na kuwasha jeni. Huwasha jeni ya p27, inayopiga breki seli isigawanyike, na ya Bim, inayoiamuru seli ijiue. Kazi hiyo haifanyiki popote ila ndani ya kiini. FOXO ikiwa nje ni hakimu aliyefungiwa nje ya mahakama: sheria anaijua, ila kesi haisikilizwi.

Nani kamtoa? Insulini ikigusa seli, kimeng'enya PI3K hutengeneza mafuta fulani kwenye utando. Mafuta hayo humwita Akt, kimeng'enya kingine, na kumwamsha, naye hubandika fosfeti, vibandiko vidogo vya kemikali, kwenye FOXO, sehemu tatu. Hili lilionyeshwa mwaka 1999. Fosfeti zikishabandikwa, huja protini iitwayo 14-3-3 (ndiyo, jina ni namba tupu; walioichuja kwenye ubongo waliipa namba za mahali ilipoangukia, wakaondoka zao) na kuikumbatia FOXO hadi lebo yake ya kuingilia kiini inazibwa. Kutoka inatoka. Kurudi, hapana.

Kwenye seli yenye afya hilo ni jambo la muda. Kuna protini iitwayo PTEN, kazi yake kuyafuta mafuta yale. Akt anapoa, FOXO inarudi ofisini. Lakini jeni ya PTEN, iliyogunduliwa mwaka 1997, ni miongoni mwa jeni zinazopotea mara nyingi katika saratani za ubongo, tezi dume na mji wa mimba. Ikipotea, Akt hapati usingizi, na FOXO inabaki nje. Jeni ya FOXO yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, ukiisoma herufi kwa herufi hukuti kosa.

Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi wangu: usiniambie protini ipo, niambie ipo wapi. Kwenye kipande cha uvimbe kilichotiwa rangi, kiini ni buluu na protini ni kahawia. Angalia kahawia imekaa juu ya buluu au imeizunguka. Mwaka 2004 ilionekana kwamba wagonjwa wa saratani ya matiti ambao FOXO3 yao (mmoja wa ukoo wa FOXO) ilikuwa nje ya kiini waliishi muda mfupi zaidi. Na aliyeitoa kule hakuwa Akt peke yake. Kimeng'enya kingine, IKK, nacho hufanya kazi hiyohiyo.

Basi tumzuie PI3K? Dawa ipo, alpelisib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa baadhi ya saratani za matiti. Tatizo ni kwamba njia ile ndiyo njia ya insulini. Ukiifunga, sukari ya mgonjwa hupanda, kongosho humwaga insulini zaidi, na insulini hiyo huenda kugonga uleule mlango tuliotaka kuufunga. Kwa panya, kupunguza vyakula vya wanga kuliipa dawa hizi nguvu zaidi.