Mpelelezi Aliyenunuliwa

Mabibi na mabwana, naomba tuanzie kwenye maji machafu. Manowari ikitia nanga ugenini, lazima aje mtu ayanyonye, alete na mafuta, chakula na walinzi. Kwa manowari za Marekani huko Asia, kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Leonard Glenn Francis, Mmalaysia mwenye kampuni yenye makao Singapore. Sasa niambieni, ofisa gani atashuka kupima maji ya chooni lita kwa lita? Ankara zikavimba, na jeshi likatozwa takriban dola milioni 35 zaidi ya stahili.

Wapo walioshtuka, wakalalamika. Majalada yakafunguliwa NCIS, idara ya upelelezi wa jinai ya Jeshi la Majini, kisha yakafungwa bila matokeo. Francis alikuwa akiwalipia maofisa hoteli, karamu na makahaba, nao wakimpa ratiba za siri za meli. Hayo hayanishangazi sana. Ofisa mlafi hakuzaliwa jana. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba alikuwa na mtu wake ndani ya NCIS yenyewe. Mpelelezi John Beliveau alikuwa akichungulia faili za kesi kwenye kompyuta na kumpasha habari: nani katoa ushahidi, upelelezi umefika wapi.

Walimnasaje? Hapa nawavulia kofia. Wenzake walipogundua kuna tundu, hawakuharakisha kuliziba. Waliingiza kwenye mfumo taarifa ya uongo kwamba kesi imefungwa, wakatulia. Habari ikafika ilikotarajiwa. Septemba 2013 Francis akapanda ndege hadi San Diego, akidhani anakwenda kuzungumza biashara na wakubwa wa jeshi. Akatiwa pingu. Beliveau baadaye alifungwa miaka 12.

Ningeishia hapo mngenipigia makofi, ila ningekuwa nimewaficha nusu ya habari. Mwaka 2022 maofisa wanne wa zamani walitiwa hatiani na jopo la raia mahakamani. Mwaka uliofuata jaji akazifuta hukumu hizo, kwa sababu waendesha mashtaka walikuwa wameficha ushahidi ambao ungewasaidia washtakiwa. Miaka yote ile ya kusoma ankara, mtego wote ule, na wale wanne wakakiri kosa dogo tu, wakatoka kwa faini ya dola 100 kila mmoja.